Tungo na Alama Zake: Kufundisha Jinsi Emacs Inavyoonyesha Maandishi

Mwalimu wa lugha anayeandika ubaoni kwamba mama ana silabi mbili amekosea. Anayeandika kwamba "mama" lina silabi mbili amepatia. Wa kwanza amemsema mtu, wa pili amelitaja neno. Tofauti hiyo, inayobebwa na alama za mtajo peke yake, ndiyo iliyotushinda kuieleza tulipoanza kufundisha Emacs katika chumba cha kompyuta.

Emacs ni programu ya kuhariri matini. Ilianza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, kwa kazi ya Richard Stallman na wenzake. GNU Emacs, ambayo ndiyo tunayoitumia, ilianza kuandikwa mwaka 1984, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Lisp, lugha iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958. Hatudai kwamba watoto wa Darasa la Tano wafundishwe Lisp. Tunaitumia na wanachuo kwa kuwa hutolewa bila malipo, na kwa kuwa humjibu mtu papo hapo. Neno tungo tunalitumia kama mlivyolizoea katika sarufi, yaani vipashio vilivyopangwa kwa mfuatano. Hapa vipashio ni herufi, tarakimu, nafasi na alama.

Somo letu la kwanza lilikuwa amri moja tu:

(message "Habari")

Mwanachuo huweka kasa baada ya mabano ya kufungia, hubonya Control pamoja na x, kisha Control pamoja na e. Mstari wa chini kabisa wa dirisha, uitwao eneo la mwangwi, ukaonyesha "Habari" pamoja na alama zake za mtajo. Mwanachuo mmoja akauliza kwa nini kompyuta inaandika alama ambazo hatukutaka zisomwe. Tukajibu kwa haraka kwamba alama hizo ni pambo tu, asizijali. Yeye, kwa kutuamini, akazifuta ndani ya amri na kujaribu tena. Kompyuta ikakataa, ikilalamika kwamba jina Habari halina thamani. Kosa halikuwa lake. Mwalimu aliyesema "pambo" ndiye aliyekosea, na kipindi kizima kilichobaki kilikwenda katika kurekebisha neno hilo moja.

Jibu lililo sahihi ni hili. Mbele ya macho ya mwanachuo yalitokea mambo mawili, wala si moja. Kwanza, amri ya message ilitenda kazi yake: ikaandika Habari katika eneo la mwangwi, bila alama zozote. Pili, kila amri ya Lisp hurudisha thamani, na message hurudisha tungo ile ile iliyoionyesha. Vitufe tulivyobonya huiagiza Emacs ionyeshe thamani iliyorudishwa. Ikaionyesha mahali pale pale, ikifunika maandishi ya kwanza kabla jicho halijayaona. Ushahidi upo. Emacs huweka kumbukumbu ya ujumbe wake katika bafa iitwayo *Messages*, ambayo hufunguliwa kwa Control pamoja na h, kisha e. Humo mwanachuo ataikuta mistari miwili ikifuatana, mmoja bila alama na mwingine wenye alama. Siku hizi hatuelezi lolote kabla darasa halijaiona mistari hiyo.

Kwa nini basi thamani ionyeshwe na alama? Kwa sababu Lisp ina namna mbili za kuandika kitu. Namna moja, princ, humwandikia binadamu, naye hahitaji alama. Nyingine, prin1, huandika ili Lisp yenyewe iweze kukisoma tena kilichoandikwa na kupata kitu kile kile. Bila alama, 25 iliyo namba na "25" iliyo tungo ya tarakimu mbili zingefanana. Mkijaribu kujumlisha 1 na "25", Emacs hukataa na kueleza kwamba ilitarajia namba. Ndani ya amri ya message twaweza kuchagua: alama %s huonyesha kitu kwa namna ya kwanza, na %S, kwa herufi kubwa, kwa namna ya pili. Kwa %s, namba na tungo hutoka 25 zote mbili. Kwa %S tofauti hujitokeza. Vivyo hivyo, alama ya mtajo iliyomo ndani ya tungo huandikwa na prin1 ikitanguliwa na mkwaju wa kinyume, lakini princ huiandika peke yake.

Ili kuhakikisha kwamba darasa limeelewa, tunauliza swali kabla ya kugusa kibodi: je, urefu wa "mama" ni 4 au 6? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Kisha waijaribu amri hii:

(length "mama")

Jibu ni 4. (Emacs huongeza namba hiyo hiyo kwa misingi ya nane na kumi na sita katika mabano; waambieni waiache kwa leo.) Aliyeandika 6 amehesabu alama, na sasa anaona mwenyewe kwamba alama ni za maandishi, si za tungo. Mwalimu wa imla anaujua ugumu huu: akisoma "nukta" kwa sauti, yupo mtoto atakayeliandika neno nukta.

Amri ya insert yataka uangalifu zaidi, maana hapa mwanafunzi hukata tamaa. Akiendesha (insert "mama"), neno mama huingia katika matini pale kasa ilipo, yaani mara tu baada ya mabano, na eneo la mwangwi huandika nil. Wengi husoma nil kama "umeshindwa". Tumemwona mwanachuo akiifuta kazi iliyo sahihi mara tatu kwa sababu hiyo, macho yake yakiwa chini ya dirisha, ilhali neno limekwisha andikwa juu. Nil ni thamani iliyorudishwa tu. Kazi ya insert ni kile inachokitenda katika matini. Muulizeni daima maswali mawili tofauti: imetenda nini, na imerudisha nini?

Limebaki jambo moja linalowakuta hata wazoefu. Tungo ya kwanza ya message ni kiolezo, na alama ya asilimia ndani yake ina kazi maalumu. Anayeandika (message "Alama 80%") hupata kosa badala ya ujumbe, kwa kuwa Emacs inangoja herufi ya kufuata asilimia. Aandike %% ili itoke asilimia moja. Iwapo tungo imetoka kwingine na hajui kilichomo, aipitishe hivi:

(message "%s" tungo)

Hapo neno tungo halina alama za mtajo, kwani ni jina la kitu kilichohifadhiwa. Zoezi la wiki ijayo: mweleze mwenzako, bila kompyuta, kitakachoonekana iwapo ataziweka.