Ekzosi ya Mashindano Kwenye Pikipiki ya Barabarani

Swali: Naishi Marekani na natembelea Yamaha R6. Nikifunga ekzosi ya mashindano, niondoe pia vifaa vya kupunguza hewa chafu?

Jibu: Usiondoe, ndugu msomaji. Sheria ya Hewa Safi ya nchi hiyo inakataza kuving'oa kwenye pikipiki ya barabarani. Katalaiza hugeuza monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu, kuwa kaboni dioksidi. Mfumo unaoingiza hewa safi kwenye njia ya moshi huunguza petroli iliyosalia; kuuziba hupunguza milio ya kupasuka unapoachia mafuta, lakini hakuongezi nguvu. Tena, ekzosi iliyo wazi bila kurekebisha kompyuta ya injini inaweza kupunguza mno petroli kwenye mchanganyiko. Badilisha bomba la nyuma tu, katalaiza ibaki mahali pake.