Dondoo muhimu: Bodaboda isiyowaka asubuhi ya baridi

Juni hadi Agosti, alfajiri za Kasulu na Kibondo zina baridi, na pikipiki iliyolala nje hupigwa kiki mpaka mguu uchoke. Kosa kubwa ni kukimbilia bisibisi. Petroli ikipoa haigeuki mvuke haraka, ndiyo maana kabureta ina choki. Ivute yote, washa bila kukoleza mafuta, kisha irudishe taratibu injini inapopata moto. Ukiisahau, plagi itajaa masizi.

Injini ikiendelea kuzimika hata ikiwa na moto, hapo sasa gusa skrubu ya mchanganyiko. Kwanza ikaze polepole mpaka iguse mwisho, bila kuilazimisha, ukihesabu mizunguko. Andika namba hiyo, kisha irudishe palepale. Skrubu iliyo upande wa chujio la hewa ni ya hewa: ukiikaza, mafuta yanazidi. Iliyo upande wa injini ni ya mafuta: hiyo unailegeza ili yazidi. Robo mzunguko tu, kisha sikiliza silensa.

Soma plagi baada ya safari: kahawia ni salama, nyeusi mafuta yamezidi, nyeupe yamepungua.

Na kama unanunua petroli ya chupa njiani, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, injini ikiwa imepoa, umwage petroli kwenye kikombe cha kioo. Maji yakiwemo yatatulia chini kama shanga. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo.