Mtoto Akilia Usiku: Kichwa Kikandwe au Kisikandwe?

Mtoto wa kwanza huleta furaha nyumbani, na baada ya wiki mbili tatu huleta pia kilio. Mama amekesha, baba anatakiwa kazini alfajiri, na mtoto hanyamazi. Ndipo ushauri unapoingia. Nyanya asema utosi umeteremka, kichwa kikandwe. Shangazi aliye Uingereza apiga simu kusema huko watoto hupelekwa kwa wataalamu wa osteopathi ya fuvu. Mume ahesabu pesa, mke aona mume hajali. Kabla ya kukasirikiana, yafaa wenye ndoa wajue mambo fulani.

Tiba hiyo ya Ulaya na Marekani ilianza na Mmarekani, William Garner Sutherland. Mwaka 1899, akiwa mwanafunzi huko Kirksville, Missouri, alitazama fuvu lililotenganishwa vipande akaona kingo za mifupa fulani zimelala kama mashavu ya samaki. Akawaza kwamba mifupa hiyo ina mwendo kama wa kupumua. Wafuasi wake hushika kichwa kwa vidole vyepesi sana, wakisema wanausikia mwendo huo na kuurekebisha. Lakini wataalamu wawili wakimpima mtu yule yule, mara nyingi hawakubaliani juu ya wanachokisikia. Na mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa watoto 142 wenye mtindio wa ubongo. Tiba hiyo haikuonyesha faida katika kutembea kwao, maumivu wala usingizi. Hata hivyo, wazazi ambao watoto wao walitibiwa walielekea zaidi kusema mtoto amepata nafuu.

Siwacheki wazazi hao. Mtu akikusikiliza na kumpokea mtoto wako kwa upole, hata wewe hutulia. Ila mikono hiyo ya upole yaweza kuwa ya baba, bila malipo.

Tena kilio chenyewe kina majira yake. Kwa watoto wengi huzidi hadi wiki ya sita hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Yeyote atakayemkanda mtoto wakati huo atashukuriwa! Hali kadhalika, kichwa kilichorefuka wakati wa kuzaliwa hujirudia chenyewe. Kisogo kikiwa bapa upande mmoja, mtoto aendelee kulala chali, lakini akiwa macho alazwe kifudifudi mbele ya mzazi.

Utosi ndio wa kuangaliwa sana. Ule wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18, na kudundadunda kwake si ugonjwa. Ukibonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika, maana yake maji yamemwishia mwilini. Haukuanguka, na kusukuma kaakaa kwa kidole gumba hakurudishi maji hata tone. Mama azidi kunyonyesha, na mtoto afikishwe zahanati siku ile ile apewe maji ya chumvichumvi. Ukivimba mtoto akiwa ametulia, hasa akiwa na homa, huenda ni homa ya uti wa mgongo: hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Watoto wamekufa huku watu wazima wakibishania nani akande.

Kwa hiyo, mume, mama yako ni wako. Zungumza naye wewe, kwa heshima, usimwachie mke wako vita hivyo. Nyanya ana kazi nyingine nzuri: ambebe mtoto mchana, mama alale. Usiku pangeni zamu. Baada ya kunyonyesha, baba ambebe kifuani, atembee naye polepole. Uchovu ukizidi hadi hasira kupanda, mlaze mtoto mahali salama, toka nje kidogo. Mtoto asitikiswe kamwe. Ubongo wake huumia.

Na kama baada ya daktari kumpima mtoto mke bado anataka kumpeleka kwa mtaalamu wa fuvu, mume asimwite mjinga. Waende wote wawili, wakubaliane kabla ya kutoka nyumbani ni pesa ngapi na ni mara ngapi. Mtaalamu huyo akibonyeza kwa nguvu, au akiwaambia waache chanjo, wamchukue mtoto wao waondoke.