Nijiweke kundi gani la shughuli?

Swali: Nashinda ofisini nimekaa, ila nafanya mazoezi jioni tatu kwa wiki. Kwenye programu ya kuhesabu kalori nichague "wastani"?

Jibu: Hapana, chagua kundi la wanaokaa sana. Tuseme mwili wako ukipumzika tu hutumia kalori 1,500 kwa siku. Kundi hilo huzidisha kwa 1.2, unapata 1,800. "Wastani" huzidisha kwa 1.55, unapata 2,325. Tofauti ya 525 kila siku, Jumapili ikiwemo, haifidiwi na jioni tatu. Utasema jasho lako linapuuzwa. Halipuuzwi: programu nyingi huongeza kalori za mazoezi ukiyaandika, hivyo ukijipandisha kundi unayahesabu mara mbili. Jipime uzito kwa wiki tatu, ukipungua zaidi ya ulivyokusudia, ongeza chakula.