Toba haifuti jalada la polisi

Kijana mmoja hapa Nalasi aliwahi kufungwa. Ametubia, swala haimpiti, na sasa anaomba kazi ya ulinzi serikalini. Baada ya Ijumaa akaniuliza: fomu ikitaka kujua kama amewahi kutiwa hatiani, aandike "hapana"? Anasema Allah (s.w.) keshamsitiri.

Nikamwambia asithubutu. Ndugu Waislamu, hapa tunachanganya mambo mawili. Toba ni baina ya mja na Mola wake. Kazi inayoshika siri za nchi ni amana ya watu, na wenye amana wana haki ya kufanya upekuzi. Katika Surat Nur, aya ya 4 na ya 5, anayewasingizia zinaa wanawake watwaharifu ushahidi wake hukataliwa, isipokuwa wanaotubia na kutengenea. Imam Shafi akaona ushahidi wake unarudi. Abu Hanifa akaona haurudi, toba inamwondolea ufasiki tu. Wametofautiana juu ya mkweli aliyetubia; mwongo hayumo katika mjadala huo.

Na tuliyaona. Aprili 2017 Serikali ilipokea majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaamriwa kuondoka kazini. Utumishi wa miaka haukuwaokoa. Mwaka 2022 waliruhusiwa kurudishiwa michango yao ya mifuko ya hifadhi, kazi, la.

Sikumficha kijana: akisema kweli huenda akakosa. Lakini alama zake za vidole ziko polisi. Akidanganya atakosa vilevile, na kesi mpya juu.

Aliondoka kimya. Fomu bado anayo.