Mtoto wa Lugha Mbili: Je, Huchanganyikiwa?

Siku ya soko hapa Silibwet tega sikio tu. Mama muuza kabeji atamsalimu jirani yake "chamgei", atamtajia bei kwa Kiswahili mteja aliyetoka upande wa Kisii, kisha atamgeukia mtoto wake na kumkemea kwa Kikipsigis. Haya yote kabla hujapewa chenji yako. Wengi wetu tumelelewa hivyo hivyo, na swali ninalotaka tujiulize ni hili: malezi haya humjenga mtoto au humvuruga?

Mashamba makubwa ya majani chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, yalivuta wafanyakazi Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo, wakaishi kambini pamoja na Wakipsigis. Lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili, hata kama kilikuwa cha kubahatisha. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukakifanya somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Basi Kiswahili kikatoka kambini kikaingia kwenye mtihani, na hapo ndipo kilio cha ngeli kilipoanza!

Si siri kwamba walimu wetu huchoka kusahihisha. Lakini makosa yetu yana sababu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Kikipsigis, kama lugha nyingine za Kalenjin, ni ya Kinailoti. Mkisii ana "omonto" na "abanto" nyumbani kwao, kwa hivyo "mtu" na "watu" havimshangazi. Sisi hatuna ngeli za namna hiyo, ndiyo maana "kitabu yangu" hututoka bila aibu. Vilevile, katika Kikipsigis kubadilisha p kuwa b hakubadilishi maana ya neno, wala k kuwa g, wala t kuwa d. Mtu anataka kusema amepata bata, darasa linasikia "nimebata pata", na kicheko kinaanza. Huo si ujinga jamani. Ni sikio lililozoezwa vingine tangu utotoni.

Tena kuna mahali ambapo Kikipsigis hukizidi Kiswahili kwa uangalifu. Kiswahili husema "nilikula", na -li- hiyo haikwambii kama ni leo asubuhi au miaka kumi iliyopita. Kikipsigis hugawa wakati uliopita mara tatu: ka- kwa jambo la leo, ko- kwa la jana au la hivi karibuni, na ki- kwa la zamani. Mtoto wa hapa hujifunza mgawanyo huo kabla ya kujua kusoma. Anayesema lugha ya mama ni duni hajawahi kuichunguza.

Wataalamu nao wamebishana sana. Zamani wengi waliamini kwamba lugha mbili huizidi nguvu akili ya mtoto. Mwaka 1962 watafiti wawili, Peal na Lambert, waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wanaozungumza Kifaransa na Kiingereza. Wale wa lugha mbili wakawapita wenzao wa lugha moja. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake, mjini Toronto, wakaeleza kwamba kati ya wagonjwa waliowachunguza, dalili za kupoteza kumbukumbu uzeeni zilichelewa kwa takriban miaka minne kwa wenye lugha mbili. Hata hivyo tusishangilie haraka. Watafiti wengine wamerudia majaribio ya aina hii kwa watu wengi zaidi, na mara nyingi hawakuona tofauti kubwa. Kwa maoni yangu, anayekuahidi kwamba lugha mbili zitakupa A ya Hisabati anakudanganya. Lakini yule anayedai kwamba zitakuharibu ubongo anakudanganya zaidi.

Kinachoharibu ni kitu kingine. Katika shule nyingi nchini kumekuwa na kile kibao cha kumvalisha anayenaswa akisema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu kama hiyo ya enzi za ukoloni katika kitabu chake cha mwaka 1986, na kibao chenyewe hakikuondoka na mkoloni. Kibao hakimfundishi mtu ngeli hata moja. Kinamfundisha kuwasaliti wenzake, maana ili ukivue ni lazima umnase mwingine, na kinamfundisha kunyamaza. Ati atajua Kiswahili kwa kunyamaza? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi, ilhali kibao kinazigeuza kuwa kosa.

Nasema haya kwa sababu baadhi yetu tumeanza kumjibu nyanya kwa Kiswahili, naye hutazama tu. Siku moja ataugua, na huenda daktari atakayemhudumia hatajua Kikipsigis. Wewe ndiwe utakayeketi katikati. Daktari atauliza maumivu yalianza lini, nyanya atajibu kwa neno moja, na kiambishi cha neno hilo ndicho kitakachosema kama ni leo, juzi au mwaka jana.