AFYA YETU: Viungo Vilivyolegea Vichuliwe kwa Mkono Mwepesi

Karibu kila kijiji kina mtu anayejua kuchua. Mara nyingi ni bibi au babu mwenye mikono ya nguvu. Mtu akichoka kwa kulima, humwendea. Akiteguka mguu, humwendea. Kazi hiyo ni nzuri na imesaidia wengi. Lakini wako watu ambao mikono hiyo ya nguvu inaweza kuwaumiza. Hao ni watu waliozaliwa na viungo vilivyolegea. Leo tutajifunza jinsi ya kuwatambua, na jinsi ya kuwachua bila kuwadhuru.

NI UGONJWA GANI?

Tazama nyumba ya miti kabla haijakandikwa udongo. Nguzo na fito zimefungwa kwa kamba. Kamba zikiwa imara, nyumba husimama. Kamba zikilegea, nyumba huyumba, ingawa miti yenyewe ni mizima.

Mwili wetu pia una kamba. Ukikata mguu wa mbuzi kwenye kiungo, utaona nyama nyeupe, ngumu, inayofunga mfupa na mfupa. Kamba hizo, pamoja na ngozi na kuta za mishipa ya damu, hujengwa kwa kitu kinachoitwa kolajeni. Wako watu wanaozaliwa na kolajeni isiyo imara. Kamba zao huvutika kupita kiasi.

Ugonjwa mmoja wa namna hii huitwa Ehlers-Danlos. Jina hilo linatokana na madaktari wawili walioueleza: Edvard Ehlers wa Denmark mwaka 1901, na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa mwaka 1908. Mwaka 2017 wataalamu waliugawa katika aina 13.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na uchawi wala laana. Mtu huzaliwa nao, na mara nyingi huurithi kutoka kwa mzazi. Katika aina zinazoonekana zaidi, mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anaweza kuurithi au kuukosa, nusu kwa nusu. Hauna dawa ya kuuponya. Lakini maumivu yake yanaweza kupunguzwa.

UTAMTAMBUAJE MTU HUYO?

Mwaka 1973 Daktari Peter Beighton na wenzake walieleza jinsi walivyopima viungo vya wanakijiji wa Kitswana huko Afrika ya Kusini. Waliona kwamba viungo vya wanawake hulegea zaidi kuliko vya wanaume, na kwamba viungo hukaza kadiri umri unavyoongezeka. Kipimo chao kinatumika mpaka leo. Hakihitaji mashine. Mtu apimwe polepole, wala asilazimishwe.

1. Weka kiganja juu ya meza. Je, kidole kidogo kinainuka kwenda nyuma kupita kusimama wima? Kila mkono una alama 1.
2. Je, kidole gumba kinafika kugusa mkono, kati ya kiganja na kiwiko? Kila mkono una alama 1.
3. Mkono ukinyooshwa, je, kiwiko kinapinda kwenda nyuma? Kila mkono una alama 1.
4. Mtu akisimama, je, goti linapinda kwenda nyuma? Kila mguu una alama 1.
5. Je, anaweza kuinama na kuweka viganja vyote chini bila kukunja magoti? Alama 1.

Jumla ni alama 9. Mtu mzima asiyezidi miaka 50 akipata 5 au zaidi, viungo vyake vimelegea. Kwa mtoto ambaye hajabalehe ni 6 au zaidi.

Angalia sana: kulegea peke yake si ugonjwa. Wako wacheza sarakasi wenye viungo vilivyolegea, nao hawaumwi. Mgonjwa ana dalili nyingine. Anaumwa siku zote, mwezi hadi mwezi. Bega au goti huteguka kwa jambo dogo. Ngozi yake ni laini, huvutika na kuchanika upesi. Damu huvilia bila kugongwa. Makovu yake ni mapana na membamba kama karatasi. Ukiona dalili hizi, nenda kwa mganga wa zahanati. Yeye atakupeleka hospitali kwa uchunguzi.

KWA NINI MISULI YAKE INAKAZA?

Kamba zikilegea, misuli hufanya kazi mbili. Inaendesha kiungo, na pia inakishikilia kisitoke. Ni kama watu wanaoishikilia nyumba ile isianguke, usiku na mchana. Misuli huchoka, hukaza na kuuma.

Mchuaji akipapasa, hukuta misuli migumu kama mawe. Basi hubonyeza kwa kiwiko, huvuta mkono, hupinda shingo mpaka ialike. Siku hiyo mgonjwa huenda akaona nafuu. Kesho yake bega linatoka. Kwa nini? Kwa sababu misuli ile iliyokaza ndiyo iliyokuwa ikilishikilia bega. Mchuaji amewaondoa watu wanaoshikilia nyumba, na kamba amezivuta zaidi.

Kwa hiyo shika jambo hili: mtu huyu huchuliwa ili misuli ipumzike. Hachuliwi ili kiungo kinyooshwe.

JINSI YA KUMCHUA

1. Nawa mikono. Kata kucha na uvue pete, maana ngozi yake huchanika upesi.
2. Mlaze mahali penye joto. Weka kanga iliyokunjwa chini ya magoti na chini ya mkono. Kiungo kisining'inie.
3. Pasha mikono yako joto. Paka mafuta ya nazi au ya alizeti ili mkono uteleze.
4. Chua nyama ya msuli tu, kwa kiganja kizima. Usibonyeze juu ya kiungo. Mkono uwe mwepesi, kama unapompaka mafuta mtoto mchanga. Peleka mkono polepole kuelekea moyoni.
5. Muulize mara kwa mara, "Je, unaumia?" Akisema ndiyo, punguza. Maumivu si dalili kwamba dawa inaingia.
6. Usivute mkono wala mguu. Usialishe vidole, mgongo wala shingo. Shingo iache kabisa.
7. Mara ya kwanza chua kwa dakika 10 tu. Kesho yake itazame ngozi. Ukiona damu imevilia, mkono wako ulikuwa mzito.
8. Akimaliza asiamke ghafla. Akae kwanza, anywe maji. Wengi wao hushikwa na kizunguzungu wanaposimama.

USIMCHUE KABISA

Usimchue mwenye homa, au mwenye kiungo kilichovimba na kuwa cha moto. Usichue mguu mmoja uliovimba ghafla, kwa sababu huenda damu imeganda ndani. Usichue kiungo kilichotoka wala kukirudisha kwa nguvu. Kifunge kwa kitambaa kisicheze, umpeleke hospitali.

Tena iko aina moja ya hatari. Kuta za mishipa mikubwa ya damu ni dhaifu, na zinaweza kupasuka. Dalili zake ni ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, damu kuvilia upesi sana, na vifo vya ghafla katika ukoo. Mtu wa namna hiyo asichuliwe mpaka daktari aruhusu. Akipatwa na maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo, apelekwe hospitali saa ile ile.

MISULI IPEWE NGUVU

Kuchua huleta nafuu ya muda. Msaada unaodumu ni kuipa misuli nguvu, ili ifanye kazi ya kamba. Mazoezi yawe madogo, ya kila siku. Kaa kitini, nyoosha goti mpaka linyooke tu, lisipite hapo. Hesabu mpaka 5, kisha lishushe. Kamua kitambaa mkononi, kisha kiachie. Anza na mara chache, ongeza kidogo kidogo. Hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo itakufundisha mengine.

Kazi nazo zipangwe. Ndoo kubwa ya maji kichwani huumiza shingo iliyolegea. Afadhali ndoo ndogo, safari mbili. Mpini wa jembe uzungushiwe kitambaa uwe mnene, ili vidole visijikaze sana. Mtoto mdogo asiinuliwe kwa kuvutwa mkono mmoja. Mama mjamzito mwenye ugonjwa huu amwambie mkunga mapema, na ajifungulie hospitali, kwa sababu anaweza kuchanika na kutoka damu nyingi.

Mwisho, tusiwaite watu hawa wavivu. Leo mtu anashindwa kushika jembe, kesho analima. Hadanganyi, bali ugonjwa ndio ulivyo. Mtoto anayeshindwa kuandika kwa muda mrefu asichapwe. Vidole vyake vinauma. Mwalimu aelezwe, ampumzishe. Nawe mchuaji wetu, usiiache kazi yako. Uliza kwanza, pima kwanza, kisha weka mkono mwepesi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini misuli ya mtu mwenye viungo vilivyolegea hukaza?
2. Taja mambo matatu ambayo mchuaji hatakiwi kumfanyia mtu huyu.
3. Je, kijijini kwenu yuko mtu anayeteguka mara kwa mara? Mtamsaidiaje afike zahanati?
4. Mwalikeni mchuaji wa kijiji. Msomeeni somo hili, mzungumze naye.